Hita Moja kwa Banda Zima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa mfuga kuku alifagia uwanja, akajaza maji ya kuku, akampikia baba yake chai. Mikono ilifanya kazi, mwenyewe hayupo. Tangu mama yake azikwe, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: upo, lakini ukiufinya hausikii. Akiulizwa kama amekula, alijibu ndiyo. Akiulizwa kama amelala vizuri, ndiyo. Neno hilo lilikuwa njia fupi ya kuachwa peke yake.

Baba naye hakuwa msemaji, na akisema, aliwasema wakubwa wa serikali. Aliwasema kwa gari la wagonjwa lililokosa mafuta siku mkewe alipozidiwa, na sasa aliwasema kwa banda. Walikuwa wamewajengea wafugaji mabanda ya matofali, makubwa kupita haja, ili yapendeze kwenye picha. Kisha wakapiga marufuku majiko ya mkaa humo ndani, wakagawa hita ya gesi moja kwa kila banda. Bwana mifugo aliyeileta hakuzima hata pikipiki. Alisema banda linahitaji joto la kilowati kumi na nusu, wasome wenyewe maandishi ya hita waone kama itatosha. Vumbi lake likabaki likiwaaga.

Baba hakusoma zaidi ya kuandika jina lake. Akamwita binti yake.

"Hebu nisomee hapa, mama. Inatosha au haitoshi?"

Kwenye kibati cha nyuma paliandikwa 12,000 BTU/h. Binti alijua kwamba kilowati moja ni wati elfu moja, kwa hiyo kumi na nusu ni wati 10,500. Elfu kumi na mbili ilizidi. Zile herufi tatu hakuzijua. Alizitazama kidogo, lakini kuuliza kulitaka nguvu, na nguvu hizo hakuwa nazo.

"Inatosha, Baba. Tena inabaki."

Basi vifaranga mia tatu wakaletwa, ndio kwanza wametoka kwenye yai. Baba alikwisha sema: hawa wakifa, ufugaji basi, atarudi kubeba magunia ya watu sokoni. Na mgongo wake ulikuwa hautaki tena magunia.

Asubuhi yake binti aliposukuma mlango wa banda, hakusikia ile kelele ya kawaida. Hita ilikuwa inawaka vizuri. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja, wamepandana, kila mmoja akitafuta joto la mwenzake. Chini ya rundo kulikuwa na waliokanyagwa, bapa kama majani. Aliwaokota mmoja mmoja akawatia kwenye ndoo. Hakulia. Aliona tu kwamba vidole vyake vilikuwa baridi, na miguu yao baridi zaidi.

Baba alitazama ndoo, akatazama hita, akaanza. Mashine mbovu. Wametupa takataka zao kwetu. Jirani yao, mama muuza mayai, akamsikia kutoka upande wa pili wa ua.

"Shemeji, wewe hata mvua ikikunyeshea utasema wakubwa wanaoga."

Binti hakucheka. Alikuwa anazifikiria zile herufi tatu.

Mwalimu wao wa sayansi walimwita Mzee Kipimo. Ukimpa jibu tupu alikurudishia: tano nini, ndoo au mbuzi? Wakati wa mapumziko binti alimfuata, akamwuliza BTU ni nini. Mwalimu akamweleza kuwa ni kipimo cha joto cha Kiingereza cha zamani: joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Ile h ni kwa saa. Akaandika ubaoni kwamba kilowati moja ni sawa na BTU 3,412 kwa saa, akampa chaki. Binti akagawanya elfu kumi na mbili kwa namba hiyo.

"Tatu na nusu."

"Tatu na nusu nini?"

"Kilowati," alisema, akaiweka chaki chini. Banda lilitaka kumi na nusu. Aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Alimkuta baba ameshika spana, anataka kuifungua hita.

"Baba, iache. Hita si mbovu. Jibu langu ndilo bovu. Sikujua zile herufi, nikasema inatosha."

Baba aliiweka spana chini. Kisha akauliza inapungua kiasi gani. Akaambiwa wamepata theluthi tu, zinatakiwa hita tatu. Hita nyingine hazikuwepo, na ofisini simu haikupokelewa. Baba akalizungushia jicho banda zima.

"Joto theluthi," alisema. "Basi na nyumba iwe theluthi."

Walipigilia magunia na nailoni kutoka kwenye paa hadi sakafuni, wakakata theluthi moja ya banda, wakaacha uwazi juu wa kupitishia hewa. Vifaranga waliobaki wakahamishiwa humo pamoja na hita. Kufikia alasiri rundo lilikuwa limefumuka. Walitawanyika, wakanywa maji, wakaanza kupiga kelele.

Baba aliketi kizingitini, akamwonyesha binti nafasi kando yake.

"Bwana mifugo kakosa, na nitamwambia usoni. Katuletea mzigo mmoja na mizani mbili. Lakini kosa lake tungelisahihisha siku ileile, kama ungesema hujui. Kutojua si aibu, mwanangu. Aibu ni kujifanya unajua, wengine wakalipa. Wale wa kwenye ndoo wamelipa."

Binti aliitikia kwa kichwa.

"Siku nyingine tukipewa namba, tuulize kwanza ni ya kipimo gani. Na mimi nikikuuliza jambo, usinijibu ili niondoke," alisema baba. "Siondoki."