Baridi Kutoka Gari la Jada

Gari la Jada liliingia gereji pale Arua adhuhuri, wakati lami ya barabara ya Koboko imelainika kwa jua, lakini vioo vyake vilikuwa na ukungu. Ukungu wa nje, kama ule wa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Sulemani alipitisha kidole kwenye kioo, kidole kikalowa. Akakifuta kwenye ovaroli yake, akajiambia ni mambo ya gesi. Fundi huyu alikuwa na jibu la kila kitu, na ubishi wa kutosha kulitetea.

Jada, mfanyabiashara kutoka Sudani Kusini, alishuka na kusimama mbali na gari lake mwenyewe.

"Toa AC yote," alisema. "Kompresa, mabomba, ile boksi ya ndani. Hapana acha hata skrubu."

"Imeharibika?"

"Iko inafanya kazi. Hata kama injini imekufa, iko inafanya kazi."

Sulemani akacheka. Jada hakucheka. Alisogea, akasema kwa sauti ya chini kana kwamba gari lingesikia.

"Mama yangu alikaa hapo mbele, tunatoka Koboko. Akasema anasikia baridi. Nikazima. Akasema bado. Nikafungua madirisha yote, jua inaingia. Tulipofika Arua nikamgusa mkono. Alikuwa ngumu kama kuni, ndugu yangu. Macho wazi."

Padri alikuwa amemwombea marehemu na kulinyunyizia gari maji ya baraka, na gari likabaki vilevile. Ndipo Jada, Mkatoliki wa ubatizo, alipokwenda kwa Faki Hakimu wa Koboko, mzee wa Kinubi anayeandika aya kwenye ubao, kuziosha kwa maji na kuwanywesha wagonjwa. Faki aliweka mkono kwenye dashibodi mara moja tu, akauondoa.

"Akaniambia hii jini inatafuta joto," Jada alisema. "Mutu mukubwa, inakula joto yake tu, inamwacha hapo. Lakini mutoto ambaye utosi yake iko bado laini, hiyo inaingia ndani. Ikiingia, hapana toka tena. Akasema chuma yote nikatupe mto Kaya, kwa maji inayokwenda. Na nisiangalie ndani ya gunia."

"Sawa, ndugu," Sulemani alisema. Hakumwambia kwamba nyumbani kwake, mtaa wa Oli, kulikuwa na binti mchanga, Sumayah, ambaye arobaini yake haijatimia. Angemwambia ya nini? Yeye aliamini spana.

Alianza na boneti. Kompresa ilitoka bila taabu. Alipolegeza bomba, gesi ikatoka, fsss, kama kawaida. Gesi ya kawaida hutoka ikaisha. Hii ilitoka, ikanyamaza, kisha ikaingia. Ikatoka tena, ikaingia tena. Sulemani alisimama na spana mkononi akiisikiliza, kisha akaanza kupiga mluzi ili asiisikie.

Alipofungua dashibodi, alikutana na harufu ya udongo mbichi wa chini kabisa, ule ambao wachimba visima wa Logiri huutoa wakishafika mahali ambapo hawaonekani tena kutoka juu. Boksi la kupozea hewa lilikaa pale ndani, la alumini, mapezi yake membamba meupe. Akaweka kiganja mbele yake kupima kama bado kuna upepo. Upepo ulikuwapo, ila haukupuliza. Ulivuta. Ulivuta jasho la kiganja, ukavuta joto la vidole, ukapanda kwenye kifundo na kwenye kiwiko pole pole, kwa utamu, kama mtoto anyonyavyo, na Sulemani akataka kuutoa mkono na mkono haukutaka kutoka, mpaka alipokanyaga mlango kwa mguu na kujisukuma nyuma akaanguka chali kwenye mafuta machafu, kucha zake zimegeuka rangi ya majivu.

Mtu mwenye akili timamu angelitupa boksi lile siku hiyohiyo. Lakini Sulemani alikuwa na mama mkwe.

Asiya alikuwa amekuja kutoka Koboko kumlea binti yake Afisa, mke wa Sulemani, katika arobaini, kama wafanyavyo wanawake wa Kinubi. Mzazi na mtoto hukaa ndani, hukandwa na kuogeshwa maji ya moto asubuhi na jioni, baridi isiwaguse. Sasa sufuria kubwa ya nyumba ile ilikuwa imepasuka tako. Asiya aliitangaza habari hiyo uani, kwa sauti ya kuvuka ukuta.

"Mwanaume gani huyu anashika chuma kutwa nzima, na mutoto wake anaoga maji ya vuguvugu?"

Maneno hayo yalimchoma Sulemani kuliko kitu kingine chochote duniani. Tena gereji ilikuwa na desturi yake: kilichotolewa kwenye gari ni cha fundi. Hakuna mwenye gari aliyewahi kurudi nyumbani na vyuma vyake vibovu. Basi akalifunga boksi lile kwa gunia tupu akalificha, na kwenye gunia la Jada akatia boksi la namna ileile, bovu lisilofaa hata kuyeyushwa sufuria, alilolinyofoa kwenye mkweche uliooza nyuma ya gereji. Jada akafunga mdomo wa gunia ameangalia pembeni, kama alivyoagizwa, akamshika Sulemani mikono yote miwili na kulia kwa shukrani. Kisha akaelekea mto Kaya na gunia lake la uongo. Sulemani alimpungia mkono bila haya.

Alionzi, mfua sufuria, aliyeyusha boksi lile asubuhi nzima.

"Hii chuma yako iko mubishi," alilalamika. "Inakula mkaa yangu bure. Moto unazimika chini yake."

Mwishowe akaichanganya na pistoni kuukuu, ikakubali. Sufuria ilitoka nzuri ajabu, nyeupe, haina hata tundu. Asiya mwenyewe aliipigia vigelegele.

Lakini maji hayakuchemka. Asiya aliibandika kwenye jiko la sigiri, mkaa ukiwa mwekundu kotekote, na baada ya muda mkaa wa katikati ukawa mweusi, ukabaki mduara wa moto pembeni tu. Asiya akawatukana wauza mkaa. Akapuliza, akapepea, akabadilisha mkaa. Aliporudi na kufunua, maji yalikuwa baridi kuliko alipoyatia, na uani kote kulinuka udongo mbichi. Jioni ile walichemsha maji kwa birika, kidogo kidogo, na Sulemani aliyekaa kizingitini alisikia kifuniko cha sufuria ile kikitikisika chenyewe: fsss, kimya, fsss. Akajifanya anakohoa.

Asubuhi kuku wa jirani alikutwa amelala ndani ya sufuria. Sulemani alimshika mabawa amtoe. Alikuwa mgumu, kichwa hakikuning'inia.

"Kideri kimemuua," Asiya alisema, akamtupa jalalani na kuisugua sufuria kwa mchanga.

Sulemani angeweza kuichukua sufuria ile na kuondoka nayo. Njia ilikuwa wazi. Lakini aseme nini, na Asiya yupo mlangoni, mikono kiunoni? Akaenda kazini. Akashika spana, akaiweka. Akashika nyingine, akaiweka. Jua lilipopinda hofu ilimshinda, akajificha nyuma ya ule mkweche akampigia Jada simu.

"Ndugu," alinong'ona, "kama kipande moja ilibaki... kipande kidogo tu... mutu afanye nini?"

"Sulemani," Jada alisema. "Wewe uko na mutoto nyumbani?"

Sulemani alikata simu akakimbia na ovaroli yake, akapita katikati ya watu waliomwita jina, akavuka barabara bila kutazama huku na huku, kifua kinamuuma, akijiambia kwamba Asiya hupenda kulala mchana, kwamba bado hawajabandika maji, kwamba sufuria ni sufuria tu, na kwamba akifika ataibeba hadi mtoni kwa mikono yake hata ikimgandisha njiani, ilimradi afike. Alipokaribia lango alisikia kicheko cha mama mkwe wake, moyo ukamtulia kidogo.

"Baba Sumayah!" Asiya alimlaki kwa furaha. "Sufuria yako imekubali! Maji imechemka yenyewe, hata moto sijawasha!"

Sufuria ilikuwa juu ya mkeka, inatoa mvuke. Kando yake Sumayah alilala uchi, tayari kuogeshwa.

"Nilimlaza hapa tu, nikaenda kuchukua sabuni," Asiya alisema. Akachovya vidole majini, akavichomoa haraka, akacheka tena. "Lo! Moto kweli!"

Sulemani alipiga magoti. Mtoto alikuwa ameacha macho wazi, anamtazama bila kupepesa. Alimgusa shavu, na baridi ya lile boksi ikampanda kidoleni. Akapeleka mkono utosini, mahali palipokuwa pakipiga pole pole kila usiku alipombusu. Hapakupiga. Palikuwa pamefunga, pagumu, kama kichwa cha mtu mzima.

Alifungua ovaroli akamtia mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Sumayah akavuta pumzi. Hakuitoa. Alivuta tu, na mashavu yake yakaanza kurudiwa na rangi, na mikono ya baba yake ikaanza kufa ganzi kuanzia kwenye kucha.

"Kuna nini hapo?" Afisa aliuliza. Alikuwa ametoka chumbani amejifunga kanga, bado mchovu wa uzazi. "Leta mutoto, maziwa inaniuma."

Sulemani alitaka kumwambia. Wallahi alitaka. Alifungua mdomo, taya zikagongana, na neno halikutoka. Ulitoka ukungu mweupe, mchana huo wa jua kali. Afisa alidhani ni mvuke wa maji. Akanyoosha mikono na kumtwaa mtoto wake, na Sulemani, ambaye angeweza kumng'ang'ania, akaachia. Joto likamrudi vidoleni. Akalisikia likirudi, na moyo wake, Mungu amsamehe, ukafurahi.

"Umeogopa nini?" Afisa alisema, akikaa mkekani na kumpa mtoto ziwa. "Huyu iko na joto mzuri. Anashika vizuri leo. Tazama vile anavuta."

Asiya alisogea kutazama, akatabasamu. Sulemani alibaki amepiga magoti palepale, kichwa chini.

Baada ya muda kidogo Afisa akasema, "Mama, letea mimi blanketi."