Mjane Mwenye Mume

"Mama Sururu! Simu yako inalia!"

Mama Sururu, jina alilopewa kwa kuwa hakuna mwanamume aliyemshinda kwa sururu pale bwawani, alijifuta udongo mikononi akafungua meseji. Namba hakuijua.

"Ni mimi mume wako. Niko kwa mama. Simu nimeazima. Nisamehe."

Akaketi juu ya udongo alioufukua mwenyewe.

Miaka mitatu, wapenzi wangu! Mume alikwenda kutafuta kazi, akanyamaza. Serikali ilipoleta mpango wa kuchimba bwawa kwa ujira kwa kaya zisizo na kitu, ikawa kaya moja kadi moja ya kazi, na palipo na mume, kwenye kadi anaandikwa mume. Karani alipomuuliza, "Mume je?" yeye alijibu tu, "Hatunaye." Karani akaandika: marehemu. Mama Sururu aliliona lile neno. Akawakumbuka pacha wake wenye njaa, akanyamaza.

Mchana ule alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yumo ndani. Usimpige, nimeshampiga hadi fungu lako."

Mume alikuwa kwenye kigoda, amekonda.

"Mke wangu, huko njiani mtu kanipa pole ya msiba wangu mwenyewe. Nilikufa lini?"

"Siku uliyoacha kupokea simu."

Akainamisha kichwa. "Kazi niliikosa. Simu nikaiuza. Nikaona haya kurudi mikono mitupu."

"Mimi nilitaka mikono, baba pacha. Kama ni mitupu, ningeijaza."

Kisha mke akaendelea kwa sauti ya chini:

"Kesho wanahakiki kadi. Wakijua uko hai, kadi inakuwa yako. Na bwawa lile nimelichimba mimi, kipande kwa kipande, mpaka viganja vikawa kama gome."

"Basi niache nife. Nitajificha humu kwa mama mpaka wapite."

"Na watoto niwaambie wasikuite baba?"



Asubuhi, wafanyakazi wote walikusanyika ukingoni mwa bwawa. Karani akafungua daftari, akamfikia.

"Mjane. Watoto wawili. Ni sawa?"

Neno moja tu, "sawa," na kadi ingebaki yake.

"Si sawa, karani. Nilikuambia hatunaye, ukaandika amekufa, nami nikakuacha. Kosa ni langu. Mume wangu yu hai."

Minong'ono ikapita. Jirani yake mwenye koleo akapaza sauti:

"Kitendawili!"

"Tegaaa!"

"Kazikwa kwa kalamu, kafufuka kwa meseji!"

"Mume wa Mama Sururu!"

Watu wakacheka. Karani hakucheka.

"Basi kadi inabadilishwa. Huyo mume yuko wapi?"

"Nipo."

Alikuwa amemfuata mkewe kwa nyuma. Akapita katikati ya watu, uso chini.

"Weka dole gumba hapa."

Mume akaficha mkono mgongoni. "Siweki."

"Kaya yenye mume..."

"Soma na ukurasa wa pili wa masharti," msimamizi wa kazi akamkatiza. "Wenyewe wakikubaliana mbele ya mashahidi, mke anaandikwa."

"Nakubali mbele ya wote hawa," mume akasema. "Huyu ndiye aliyechimba. Mimi nitabaki nyumbani na watoto. Nitapika, nitafua."

"Utafua na kanga zake?" akauliza yule wa koleo.

"Na zako ukileta, shemeji!"

Safari hii hata karani alicheka. Akalikata neno "mjane" kwa mstari mmoja, akaandika "ameolewa," na Mama Sururu akabonyeza dole gumba lake lililojaa sugu.

Watu walipotawanyika kwenye vipande vyao vya kuchimba, mume akamsogelea.

"Umenisamehe?"

"Bado."

Machozi yalimlenga mke, naye hakutaka mumewe ayaone. Akaokota sururu.

"Pacha wanatoka shule saa saba. Nenda ukawapokee langoni. Walikuwa wadogo ulipoondoka, hawatakujua. Waambie wewe ni nani. Wakikuuliza ulikuwa wapi, usiwadanganye."

Mume akaondoka, mara anatembea, mara anakimbia, na jua lilikuwa hata halijapanda vizuri.