Chumvi ya Ngozi Jikoni

Kitu cha kwanza kilikuwa kifungo. Kifungo cha juu cha blauzi ya mama kilikataa kufika kwenye tundu lake, na aliyeliona hilo ni binti yake wa mwisho, msichana ambaye nyumba nzima ilimwita Kimya. Jina lilimkaa. Alizungumza akiulizwa tu, na wakati mwingine hata akiulizwa hakuzungumza.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa shwari. Mama, fundi cherehani, alikuwa akijaribu mbele ya kioo blauzi aliyojishonea mwenyewe. Wifi wa Kimya, mke wa kaka yake, aliketi mkekani na mimba yake changa, akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare za shule.

"Vuta, mwanangu," mama alisema. "Hiyo kola haing'ati."

Kimya akavuta. Kifungo hakikufika.

"Umenenepa, mama," wifi akacheka. "Raha za mume hizo!"

"Raha ipi? Mtu ananuka ngozi mbichi hata akitoka kuoga!"

Wakacheka wote. Kimya naye alicheka, lakini alikuwa ameona kwamba sketi ya mama inapwaya kiunoni. Mtu ananenepaje shingo peke yake?

Hakuuliza. Ndugu zangu, msimlaumu bado. Kimya aliacha shule kabla ya kumaliza msingi, na alisoma kwa kuunga silabi moja moja. Kila aliposoma kwa sauti, watu walivunjika mbavu. "Gari limekwama," baba alisema, "njooni tulisukume!" Ulikuwa utani wa mapenzi, hakuna aliyemtakia mabaya. Ila mdomo wake ulizidi kufungwa.

Sasa niwaambie habari ya chumvi. Baba alifanya kazi mahali wanapotengeneza ngozi. Ngozi mbichi hutandazwa chini na kumwagiwa chumvi ya mawe ili zisioze kabla ya kusafishwa. Mzigo ukiisha, msimamizi aliwaachia wafanyakazi chumvi iliyobaki kwenye magunia. Baba aliileta nyumbani, mama akaitwanga, ikawa ndiyo ya kupikia. Ilikuwa nyeupe na safi, haijagusa ngozi yoyote.

"Chumvi ni chumvi," baba alisema kwa fahari. "Wenzetu wananunua vipakiti, sisi tunachota."

Hakujua, na wangapi kati yetu tunajua, kwamba chumvi ya mezani hutiwa iodini, madini kidogo sana ambayo tezi ya shingoni haiwezi kufanya kazi bila hayo. Chumvi ya ngozi haitiwi kitu. Ngozi ya ng'ombe inahitaji iodini ya nini?

Miezi ikapita. Shingo ya mama ikavimba waziwazi, akaanza kujifunga mtandio hata kwenye jua kali. Ndipo jirani yao, mwanamke aliyejua dawa ya kila ugonjwa isipokuwa umbea wake, akauinua ule mtandio bila kuomba ruhusa.

"Shoga, hilo ni rovu! Umepungukiwa na iodini."

Hapo alisema kweli. Angeishia hapo, nisingekuwa na hadithi.

"Basi kesho niende zahanati," mama alisema.

"Ukapange foleni mpaka rovu lizeeke? Iodini ninayo." Akaleta kichupa cha dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. "Si ndiyo hii hii? Tia matone kwenye chai."

"Haidhuru?"

"Inaponya kidonda kibichi, ije ishindwe na kauvimbe?"

Mama akanywa. Uvimbe haukupungua, akaongeza matone. Haukupungua, akaongeza tena. Usingizi ukamtoroka. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu, na mikono ikatetemeka hata sindano ya cherehani ikamtoboa kidole, yeye aliyeshona miaka yote bila kujichoma.

Siku hiyo, alipokuwa akimfunga mama kidole, Kimya aliona kichupa juu ya kabati. Akaenda nacho uani, akaunga silabi taratibu: ya ku-pa-ka tu, i-si-nywe-we. Akarudia. Moyo ukamwambia labda amekosea. Baba angesema nini? Jirani ni mtu mzima. Akakirudisha mahali pake.

Lakini jioni, wote wakiwa sebuleni, mama akakishika kichupa kile, akadondosha matone kwenye kikombe cha wifi, ambaye sasa mimba yake ilikuwa kubwa.

"Kunywa, mkwe wangu. Mtoto asije akachukua shingo yangu."

Wifi akainua kikombe.

"Usinywe!"

"Nani huyo?" baba akauliza, akitazama mlangoni kana kwamba mgeni ameingia.

Kimya alikuwa amesimama. Akamnyang'anya mama kichupa, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, jasho likimtoka. Baba akafumbua mdomo ili atanie. Akaitazama mikono ya mkewe inavyotetemeka, akaufumba.

"Aliyenipa ni mtu mzima mwenzangu," mama alisema. "Wewe wa juzi unajua nini?"

"Sijui, mama. Nimesoma tu."

Wifi akaweka kikombe chini.

Asubuhi waliongozana wote zahanati. Muuguzi alimpima mama mapigo ya moyo, akauliza anakunywa nini, kisha akauliza chumvi ya nyumbani inatoka wapi. Baba alijibu akitazama viatu vyake.

"Iodini ikipungua, tezi huvimba," muuguzi alisema. "Ikizidi, tezi hiyo hiyo huvurugika. Na dawa ya kupaka si ya kunywa. Mama huyu lazima aende hospitali akapimwe damu leo."

"Basi tuanze kutia ya pakiti kwa wingi!" baba akasema.

"Hapana, baba. Chumvi nyingi hupandisha presha. Tieni kidogo, ila iwe yenye iodini. Ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu. Na huyu mjamzito anahitaji iodini zaidi, maana ubongo wa mtoto hujengwa nayo, lakini kiasi chake ataambiwa kliniki, si na jirani."

Mama alitibiwa. Moyo ulitulia, mikono ikatulia. Shingo ilipungua polepole, haikurudi kama zamani. Wifi alijifungua salama.

FUNZO

Ndugu zangu, tazameni pakiti ya chumvi kabla ya kuilipia, muone kama imeandikwa kuwa ina iodini. Chumvi ya viwandani ibaki viwandani. Ukiona shingo inavimba, nenda ukapimwe, wala usijitibu kwa kubahatisha, kwa sababu kinachokosekana mwilini hakirudishwi kwa kukimimina bila kipimo.

Na msiwafanyie mzaha wanaojifunza. Siku moja wakishona, mama alimuuliza Kimya, "Hivi sauti ile uliitoa wapi?"

Kimya akasimamisha cherehani. Jibu hilo alikuwa nalo tangu utotoni.

"Sauti ninayo siku zote, mama. Huwa naogopa mnavyonicheka."