Aliyeitikia Kengele

Waifai ilifika kila pembe ya nyumba. Ilifika jikoni, ilifika bafuni, ilifika mpaka nje kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ila kwenye kizingiti cha kibanda cha uani, ilikoma. Simu ikiwa nje ya mlango ilionyesha picha safi. Ukiingia nayo hatua moja ndani, picha inaganda.

Mshonaji aliingia na kutoka mara saba, simu mkononi, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Picha aliyoitaka ilikuwa ya mwanawe wa miezi saba. Alikuwa ameegemeza simu ya zamani kwenye kitanda cha mtoto, ili yeye akiwa kibandani na cherehani yake aweze kumwona na kumsikia. Kiwandani walikuwa wamemwambia arudi mwezi ujao, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Hakutaka kurudi. Hakutaka mwanawe alie mikononi mwa mtu asiyeweza kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha usingizi.

"Hatua ishirini tu," alijisemea. "Hata bila simu nitamsikia."

Aliacha dirisha la kibanda wazi, na la chumba cha mtoto wazi, akaketi kushona pindo la gauni. Palikuwa kimya, kimya kizuri, hata akamaliza pindo lote bila kuinua kichwa. Alipotoka kunyoosha mgongo, alimkuta jirani yake, Mama Pacha, amesimama katikati ya ua, jasho linamchuruzika, mtoto yuko begani mwake.

"Nimeruka ukuta, shoga," alisema akihema. "Kwa umri huu na kwa mwili huu, nimeruka ukuta. Mtoto analia tangu naanza kufua mpaka nimemaliza kuanika. Ulikuwa wapi?"

"Hapo," alijibu mshonaji, akaonyesha lile dirisha lililo wazi.

Jirani alitazama dirisha, akamtazama mtoto aliyekaukiwa na sauti. Hakumlaumu. Alimfuta mtoto kamasi kwa ncha ya nguo yake mwenyewe, akasema tu, "Haya mchukue. Anakutaka wewe."

Mume wa mshonaji alikuwa kinyozi, mtu mpole. Kila jioni alinawa mikono mara mbili kabla ya kumgusa mtoto, asije akamwachia vinyweleo vya watu. Nyumba aliachiwa na shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Shangazi huyo aliugua kifua, akahamishiwa kibandani, akafia humo mwaka mmoja kabla ya harusi yao. Hayo ndiyo yote mshonaji aliyoyajua. Alijua pia kwamba mumewe hakuwa akiingia kibandani, hata kuchukua kiti.

"Si ushonee sebuleni?" alisema jioni ile.

"Cherehani inamwamsha. Mume wangu, ni waya tu. Fundi atavuta, basi."

Kinyozi alinawa mikono mara ya pili. "Haya. Mwite."

Fundi wa mtandao alifika asubuhi na ngazi, mkoba na mdomo usiopumzika. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mshonaji akampenda kwa hilo. Alichomeka kifaa kidogo cha kuongeza nguvu ya mawimbi jikoni, kikawaka kijani. Akakihamishia kibandani, kikawaka chekundu. Akakirudisha jikoni, kijani. Kibandani, chekundu.

"Mama, kuta hizi zimejengwa kwa tofali au kwa ubishi?" aliuliza, akizigonga. "Nimefunga waifai kwenye maghala ya chuma. Leo nishindwe na banda la kuku?"

"Si la kuku. Aliishi mtu humo."

"Mtu?" Fundi alichuchumaa. Ukutani, chini ya usawa wa goti, palikuwa na kitufe cheupe cha kengele, kimelika katikati mpaka kikawa na kishimo. "Kweli. Hiki kiliwekewa mtu aliyelala." Alifuata waya wake kwa kidole mpaka ulipozama kwenye bomba lililoelekea nyumbani, akapiga makofi. "Tumepona! Bomba lipo. Nafunga waya mpya kwenye mkia wa huu wa zamani, navuta upande wa pili, mchezo kwisha."

Kinyozi alirudi kula mchana akakuta plasta imebomolewa ukumbini, kando ya mlango wa chumba chao cha kulala. Alisimama hapo hapo, kofia mkononi. Fundi alikuwa ameingiza vidole viwili tunduni, akatoa mwisho wa waya.

"Ajabu," alisema. "Huu haukukatika. Umekatwa. Kwa koleo, tena kali. Kisha ncha zikafungwa utepe vizuri, zikasukumwa ndani, plasta juu." Akacheka. "Aliyekata ni mtu nadhifu."

Hakuna mwingine aliyecheka.

Fundi alitoa kijisanduku chake cha kusikilizia waya, kile kinachopiga mlio kifaa chenzake kikifungwa upande wa pili. Hicho cha pili kilikuwa bado mkobani. Alikigusisha kwenye waya, na kikalia.

*Ti.*

Kimya. Kisha tena, *ti*.

"Nani yuko kibandani?" fundi alinong'ona.

"Sote tuko hapa," mshonaji alinong'ona pia, akimkumbatia mtoto.

*Ti. Ti. Tiii.* Na harufu ikaanza kutoka kwenye lile tundu la ukutani, kwanza harufu ya dawa ya kuchua kifua, kisha ya uji uliochacha, kisha ya shuka lililolowa likakaukia mwilini mwa mtu, ikatambaa ukumbini polepole kama maji yanayotafuta mteremko, na mlio ule ukawa unaongezeka, wa mtu anayebonyeza, anayengoja, anayebonyeza tena kwa nguvu zaidi kwa sababu hakuna mlango uliofunguliwa, mpaka mlio wenyewe ukapasuka na ndani yake kikatoka kikohozi, kikavu, kirefu, kikohozi cha mtu asiye na mate, na nyuma ya kikohozi, sauti.

"Pengo," ilisema. "Pengo. Maji."

Kijisanduku kilianguka. Mshonaji alimtazama mumewe, akaliona lile pengo dogo la meno ya mbele alilolipenda tangu siku ya kwanza. Hakuwahi kusikia mtu akimwita hivyo.

"Dada yangu, samahani," fundi alisema, akikusanya vitu vyake haraka. "Mimi ni fundi wa mtandao tu." Lakini mlangoni aliona soksi ya mtoto imedondoka, akarudi, akainama kuivalisha. Hapo ndipo alipokodoa macho. "Mama. Mbona mtoto..."

Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni. Mdomo wake ulikuwa wazi wote, ulimi unatetemeka, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, na hakukuwa na sauti.

Daktari alimtazama koo akasema ni zima kabisa. Walikwenda kulala kwa rafiki wa kinyozi, mji wa pili, wakidhani wameikimbia ile nyumba, na huko pia mtoto alilia bila sauti. Mshonaji hakuthubutu kufumba macho. Mwishowe alikata kitambaa chembamba, akafunga ncha moja kwenye mguu wa mtoto na nyingine kwenye mkono wake, ili akirusha mguu ahisi. Alikaa hivyo siku mbili, akingoja kuvutwa.

Siku ya tatu mumewe alisema, bila kuulizwa, uso ukutani.

"Alikuwa anabonyeza kila nusu saa. Mara maji, mara mgongo, mara nigeuze mto. Mimi nasimama kutwa nzima kazini na wembe mkononi. Nikasema nilale usiku mmoja tu. Nikakata."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nilikuwa nimechelewa."

"Na jioni?"

Kinyozi alikwaruza rangi ya ukuta kwa ukucha.

"Alikaa siku ngapi?"

"Tatu," alisema kinyozi. "Nilijiambia amelala."

Mshonaji alimwangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekaa kwenye kiti cha mumeo. Hakulia. Alifungua kile kitambaa mkononi, akambeba mtoto, akarudi mtaani kwao, kwa Mama Pacha, kuuliza wapi atampata mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na mfuko wa sokoni. Kwanza kabisa alisema mtoto anyonyeshwe na mama naye ale, kisha ndipo akaingia kibandani peke yake. Alipotoka alikuwa amekunja uso.

"Shangazi yako hayumo," alimwambia kinyozi. "Alikufa, akazikwa, amepumzika. Lakini kengele ikibonyezwa siku tatu, na anayepaswa kuitikia asiitikie, ataitikia mwingine. Huyo ndiye aliyemo. Ni jini. Ameivaa hasira ya marehemu kama nguo, na imemkaa."

"Mtoe," alisema mshonaji.

"Angekuja bila kuitwa, mwanangu, ningemtoa leo na nikanywa chai. Huyu aliitwa."

"Basi tuuze nyumba," alisema kinyozi haraka. "Tuhame kabisa."

"Uza. Sauti ya mwanao utaiacha humu." Mganga alivua miwani, akaifuta. "Anataka aliyekata alale pale alipolala mwenzake. Mlango ufungwe kwa nje. Aite, asiitikiwe."

"Kwa siku ngapi?" aliuliza kinyozi.

Mshonaji alilisikia swali hilo, na lilimchoma kwa sababu halikuwa na mtoto ndani yake.

"Marehemu alilala siku tatu," alisema mganga. "Yeye mwenyewe angekusamehe siku ya kwanza, mashangazi ndivyo walivyo. Lakini anayehesabu sasa si yeye."

Kinyozi aliingia mchana ule ule. Mganga alikataza maji, aliruhusu mkeka. Simu hakuikataza, nayo haikuwa na bando. Kinyozi alipofika kizingitini aligeuka. "Utanifungulia?" Mkewe alisema, "Nitakufungulia," akavuta mlango, akashusha komeo.

Komeo lilipogonga, mtoto alilia. Alilia kwa sauti kali, mbovu, iliyopasuka kama tarumbeta, na mama yake akaketi chini kwenye vumbi akicheka na kulia, na ng'ambo ya ukuta Mama Pacha akapiga kelele, "Nimemsikia! Nimemsikia, shoga!"

Kabla machozi hayajakauka, simu ilitetemeka mfukoni mwa mshonaji. Ujumbe, kutoka kibandani. Waifai ilikuwa imevuka kizingiti.

"Imekubali huku," mumewe aliandika. "Iko vizuri kabisa."

Hakujibu. Baada ya nusu saa: "Nina kiu."

Baada ya nusu saa nyingine: "Mke wangu, humu kuna mtu."

Mshonaji aliweka cherehani sebuleni, akashona. Hakuna sauti iliyotoka uani. Kupitia dirisha la jikoni aliuona mlango wa kibanda ukitikisika, komeo likiruka ruka mahali pake, na vumbi la kuta likidondoka, yote bila mlio hata mdogo, kama mambo yanayotendeka chini ya maji. Aliosha vyombo akiutazama. Simu ilitetemeka kila nusu saa, mchana na usiku. Amekaa miguuni kwangu. Anakohoa. Ananiuliza kwa nini sikuja. Mwambie nilichelewa. Mwambie wewe, anakusikia wewe.

Saa ile ile ya siku ya tatu, alichukua chupa ya maji na sahani ya chakula, akambeba mtoto kiunoni, akaenda. Mtoto alikuwa analia kwa sababu ya jino linaloota, kilio cha kawaida, kilio cha heri. Mshonaji aliinua komeo.

Kilio kilikatika katikati, kama uzi.

Alimtazama mtoto. Mdomo wazi, machozi, hakuna kitu. Akatazama ndani. Mumewe alikuwa chini, kando ya kile kitufe, midomo imepasuka, kidole gumba kimechubuka mpaka nyama. Aliinua kichwa. Nyuma yake, kwenye kona isiyofikiwa na mwanga, mkeka ulikuwa umebonyea, kama mtu mwingine amejilaza hapo kwa raha zake.

"Siku tatu zimekwisha," kinyozi alisema kwa sauti ya kukwaruza. Macho yake yalikuwa kwenye chupa ya maji. Hayakupanda kwa mtoto hata mara moja. "Nitoe, mke wangu. Nitoe."

Alianza kutambaa. Mtoto alikuwa anabadilika rangi, ngumi zake ndogo zikimpiga mama kifuani, akimwita kwa njia pekee aliyoijua, na hasikiki.

Mshonaji aliinama, akaweka chupa ndani ya kizingiti. Kisha akavuta mlango taratibu, mpaka ukafungika, akashusha komeo.

Kilio kikarudi. Akambusu mwanawe paji la uso lililolowa, akamwimbia njia nzima mpaka ndani, akambembeleza mpaka usingizi ukamchukua. Alikuwa anamlaza kitandani, kwa uangalifu, mkono mmoja chini ya kichwa, simu ilipotetemeka juu ya meza, na mtoto akashtuka.

"Shhh," alisema.

Ikatetemeka tena. Mtoto akakunja uso, tayari kulia.

Mama alikwenda sebuleni kwa vidole vya miguu, akapinda mkono nyuma ya kabati pale ruta ya waifai ilipokuwa ikimeta kijani, akachomoa waya.