Uhuru Umeingia Mwezi wa Tisa

Teksi ilishawashwa, begi la Khalil limelala kwenye buti, na Sitara hakugeuza shingo. Alijifanya anawaelekeza wanafunzi wake wa darasa la nne, waliobanana mbele ya kompyuta za kafe ya intaneti, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Nje wauza mitumba waliipisha teksi kwa matusi, ikapotea.

"Huyoo, Muscat!" alisema Bi Mauza, shangazi yake Khalil na mwenye kafe. "Na wewe umesimama kama sanamu ya Askari."

"Mama, niko kwenye kipindi."

"Kipindi! Moyo nao una kengele?"

Yeye na Khalil walikutana mlangoni hapohapo, miezi michache nyuma. Sitara, kitenge cha bluu na mtandio wa njano, alikuwa amekumbatia manila za kufundishia, umati ukamsukuma, zikamwagika. Khalil akaziokota, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka linakata.

"Mwalimu, historia bado unaichora kwenye makaratasi? Dunia imehamia mtandaoni."

"Na nyie wa mtandaoni mnajua kuomba radhi?"

"Hata kubembeleza tunajua."

Akamwonyesha tovuti ya kuchorea mstari wa matukio: unaandika tukio na tarehe, yenyewe inalipanga mahali pake. Watoto waliipenda. Sitara naye akachora mstari wa maisha yake, na wiki iliyopita Khalil akampigia simu: "Ufungue, laazizi. Kuna kitu nimekuongezea."

Akaufungua. Posa! Wazee wa Khalil kufika kwao Magomeni, Oktoba nane. Lakini Kariakoo nzima ilijua Khalil anatakiwa Septemba kwenye duka la ami yake, Muscat. Posa gani hiyo, mposaji keshavuka bahari? Danganya toto. Akampigia: "Nimeona. Safari njema." Akakata. Khalil naye, kwa uchungu, akaiwahisha safari.

"Mwalimu!" Candida, mwanafunzi wa kiti cha mbele, alinyoosha kidole. "Mashine imeweka Uhuru mwezi wa tisa!"

"Umekosea kuandika."

"Sijakosea. Tisa, mkwaju, kumi na mbili."

Sitara akainama kwenye kioo. Kweli, Septemba kumi na mbili. "Wenye tovuti hii ni wageni," akaeleza. "Sisi tunaanza na siku, wao wanaanza na mwezi. Kwa hiyo ukiandika kumi, mkwaju, nane..."

Akaikumbuka ile posa. Tarehe kumi, mwezi wa nane. Wiki mbili zijazo!

Simu haikuwa na vocha. Akabipu. Akabipu tena. Ikalia.

"Unanibipu niko Tazara kwenye foleni, naelekea uwanja wa ndege. Sema."

"Khalil, posa ulikusudia lini?"

"Mwezi wa nane. Si uliona, ukanitakia safari njema?"

"Niliona Oktoba! Mashine inasoma mwezi kwanza!"

Khalil akapaza sauti kuzishinda honi.

"Kumbe hukunikataa?"

"Ningekukataa ungesikia, mimi mwalimu. Na wewe mwanamume mzima, posa unaichapa kwenye kompyuta?"

"Niliona haya."

"Basi itamke."

"Mbele ya dereva?"

"Mwenzio niko mbele ya darasa zima."

Akaitamka, kwa kigugumizi. Dereva aliangua kicheko. "Bosi, tunageuza au tunaenda?"

"Geuza, bwana!"

Bi Mauza akapiga kigelegele, watoto wakamfuatisha bila kujua kisa.

Wazee walifika Magomeni tarehe kumi, wakakubaliwa. Ndoa ilifungwa baada ya mfungo. Tiketi ya ndege ilikwenda na maji, na yule ami alinuna mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa. Simu zilipoanza kubeba intaneti, Bi Mauza alifunga kafe, akauza vitenge. Tovuti ile ilizimwa. Candida yuko Dodoma, karani wa benki. Sitara ni mwalimu mkuu msaidizi. Khalil anauza vipuri mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, na Muscat hajafika mpaka leo.