Mstari wa Mama Agnès

Jumamosi sokoni Manika mtu hupita kwa bega. Kazadi alikuwa akitafuta waya wa kompyuta yake alipokanyaga ncha ya kitenge cheusi cha maombolezo, na msichana aliyekivaa akageuka.

"Tata, unakanyaga kilio yetu." Kisha akamtazama vizuri. "Si ni weye njo ulikamataka filime ya ndoa ya yaya Mignonne, dada yangu mukubwa?"

"Ni miye." Msichana alikuwa na macho makubwa na vishimo mashavuni, na Kazadi akasahau habari za waya.

"Mi njo Joyeuse, mudogo yake. Ile filime tunaingoja. Mama yetu, Mama Agnès, alikufa mwezi ulipita. Yaya eko Sandoa, analia tu, anataka kusikia tena vile mama alimubariki."

Kazadi alijua baraka ile ilikokwenda.

Hakuwa mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa usafi. Kwenye kompyuta alipanga kila harusi kwa mistari: picha juu, muziki chini yake, sauti za watu chini kabisa, kila mstari na jina lake na rangi yake. Mstari uliomkera aliufuta. Na Mama Agnès siku ile alisema kwa kirefu, akilia na kupenga kamasi mbele ya mikro, akivuruga wimbo mtamu. Kazadi aliufuta mstari wake wote, akatandaza muziki, kisha akafuta na kadi ya kamera ili aende nayo kwenye harusi ya Fungurume.

"Mikro haikushika siku ile," alisema. Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria.

Joyeuse alishusha pumzi. "Bon. Haiko kosa yako."

Afadhali angemtukana.

Walipeana namba, na simu zikaanza.

"Sheri, mupenzi, ulikula?"

"Bado. Niko napanga mistari."

"Ile kompyuta itakuoa."

"Itanioa namna gani na weye uko?"

Joyeuse alikuwa akimletea bukari, ule ugali wa kwao, na samaki wa ziwa la Nzilo, akimcheka shati lake lililopigwa pasi mpaka kola. Kazadi alimpenda, tena sana. Lakini kila Joyeuse alipomwambia pole kwa ajili ya mikro ile mbaya, aliacha kula, akanawa mikono.

Siku moja mchana Joyeuse alitaka kuiona filimu. Mama yake alitokea kwenye kioo cha kompyuta, midomo ikicheza, na muziki ukilia juu yake. Joyeuse aligusa ile midomo kwa kidole.

"Joyeuse," Kazadi alisema, "mikro ilishika. Ni miye nilifuta."

"Ulifuta nini?"

"Sauti ya mama. Niliona inaharibu muziki. Kisha nikakudanganya."

Joyeuse alichukua mkoba wake polepole. "Kumbe nilikuwa nakupa pole juu ya bongo, uongo mutupu."

Tangu hapo hakupokea simu. Husemwa majuto ni mjukuu. Ya Kazadi yalikuwa mtoto wa kumzaa mwenyewe, yalilala naye na kuamka naye. Hata ile mistari yake iliyonyooka alianza kuichukia.

Jumapili moja baada ya misa, mlango wa Kazadi ulifunguliwa. Alikuwa Joyeuse, na kitenge chake kilekile cheusi.

"Washa ile filime. Siku ile nilisimama karibu ya mama. Maneno yake niko nayo yote."

Kazadi alizima muziki, akaongeza mstari mtupu. "Niandike jina gani? Joyeuse?"

"Apana. Andika Mama Agnès."

Akasogelea mikro, akaifuata midomo ya mama yake kwa macho. "Mignonne, mutoto wangu, kama kule kunakushinda, rudia kwetu. Mulango yetu sitafunga." Hapo sauti ilimkatika. Alilia, akapenga kamasi.

Mkono wa Kazadi ulitulia juu ya meza.

"Hii pia unaiacha," alisema Joyeuse.

"Naiacha."

"Sasa itia yaya kwa simu. Umwambie weye mwenyewe vile ulifanya, kwanza, mbele ya kumutumia filime."

"Na weye, umenisamehe?"

"Si nimerudia kwako?"

Joyeuse alibonyeza namba ya dada yake wa Sandoa, akamwekea simu kiganjani. Ilipokuwa ikiita, alimshika mkono wa pili, na Mignonne alipoitikia hakuuachia.