Karanga za Sahani na Karanga za Shamba

Kila mavuno, Habiba alizigawa karanga zake mafungu mawili. Zilizonona aliziweka kwa ajili ya sahani ya wageni. Zilizosinyaa alizitunza kuwa mbegu. Mama yake alifanya hivyo pia, kwa maana kumpa mgeni karanga ndogo ni aibu.

Lakini shamba lao la Kasapa lilizidi kudhoofika. Mwaka uliopita lilitoa gunia moja tu.

"Mwaka ujao napanda mahindi," alisema Kasimu, mumewe.

"Na mafuta ya mboga yatatoka wapi? Unipe mwaka mumoja, baba."

"Mumoja tu!"

Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, Habiba alimpeleka jirani yake Mwaba shambani. Mwaba alifanya kazi katika kituo cha mbegu. Alipoelezwa habari ya sahani, alicheka.

"Mama Habiba, jogoo wa kuzalisha unachagua yule kilema?"

"Hapana! Nachagua mukubwa."

"Basi karanga iko vilevile. Mutoto anafanana na muzazi."

Waling'oa mimea iliyodumaa na yenye majani ya manjano. Mimea yenye afya waliifunga vitambaa vyekundu. Wakati wa kuvuna, Habiba aliing'oa hiyo kwanza. Kati yake alichagua mimea yenye maganda mengi yaliyojaa. Aliyakausha maganda hayo vizuri, akayafungia katika debe bila kuyamenya.

Wiki iliyofuata akaja kutoka Kasenga Amida, dada mkubwa wa Kasimu, ambaye Habiba alimwita yaya kwa heshima. Habiba alimkaribisha kwa karanga ndogo.

"Wifi, hizi ni karanga ao ni meno ya panya?" Amida aliuliza. Akalitazama debe. "Na zile kubwa?"

Habiba aliona aibu, lakini hakuinuka.

"Zile ni mbegu, yaya. Utanisamehe."

Amida aliondoka amenuna.

Mvua ziliponyesha, Habiba alimenya mbegu zake na kuzipanda. Msimu huo shamba lilitoa magunia mawili na nusu. Kasimu hakutaja mahindi tena. Kabla ya mavuno yaliyofuata, yeye mwenyewe alizunguka shambani na vitambaa vyekundu mkononi.

Amida akarudi. Safari hii sahani ilijaa karanga zilizonona. Alikula, kisha akasema:

"Wifi, unipe na za kupanda."

Habiba alimjazia mfuko kutoka kwenye debe.

"Chukua, yaya. Lakini hizi, hata mukwe akikuja, usimukaangie!"